Jumamosi ya Pili ya Kapteni Kimondo

Kila mteja aliyesogea dirishani mchana ule alikuwa anamtonesha Dirisha kidonda, na mwenyewe wala hana habari.

"Mbili, dada, tukae pamoja."

"Moja tu. Mbele, lakini isiwe mbele sana."

"Sisi tumekuja ukoo mzima, wewe hesabu vichwa."

Naye anakata tiketi, anatabasamu, anazisukuma chini ya kioo. Angefanyaje? Ndiyo kazi aliyokulia. Tangu amalize shule alikuwa anakaa ndani ya kile kijumba cha tiketi, funguo zake zikining'inia shingoni kwa utepe mwekundu, hata watu wa mtaa wakalisahau jina alilopewa na wazazi wake, wakamwita Dirisha. Sinema yenyewe ilikuwa ya baba yake. Na binti wa mwenye sinema siku zote huomba jambo moja: ukumbi ujae.

Leo alikuwa anaomba usijae. Alikuwa anaomba mvua, anaomba umeme ukatike, anaomba mji mzima ushikwe na mafua walau hadi jioni. Maana ukumbi ukijaa leo, yeye keshaolewa.

Msinitolee macho, nawaeleza.

Palikuwa na wanaume wawili. Wa kwanza alikuwa mwonyesha viti wa sinema ile ile, kijana mrefu mwenye meno ya kucheka, aliyeitwa Tochi kwa sababu tochi haikumtoka mkononi hata mchana wa jua kali. Kazi yake ilikuwa kuwaongoza watu gizani mpaka kwenye viti vyao, kisha filamu ikiisha anasimama mlango wa kutokea, anawauliza mmoja mmoja, "Vipi, nzuri?"

Mapenzi yao yalianzia hapo, kwenye swali hilo. Dirisha aliwaona watu wakiingia tu, nyuso zimechangamka, mikono imebeba bisi. Tochi aliwaona wakitoka. Jioni wakati wa kufunga wanakaa kwenye ngazi na kusimuliana, kila mmoja ana nusu yake ya habari.

"Yule mama wa kitambaa cha kijani?" Dirisha anauliza. "Aliingia anacheka mwenyewe."

"Katoka ananiambia nzuri. Lakini hakuipenda."

"Umejuaje, mchawi wewe?"

"Kasema nzuri huku anatafuta funguo kwenye mkoba. Mtu aliyependa filamu anakutazama usoni, anataka mwenzake wa kuifurahia naye. Asiyependa anasema nzuri huku anatafuta funguo. Keshalipa, hataki kuonekana mjinga."

Dirisha alicheka mpaka akamwegemea bega, na bega lile likawa ndicho kiti chake tangu siku hiyo.

Mwanaume wa pili alikuwa Msambazaji. Huyu ndiye aliyeamua filamu mpya ianzie ukumbi upi na ukumbi upi ungoje mpaka watu waichoke. Mtu wa mashati yaliyopigwa pasi vizuri, sauti ya chini, asiyemdharau hata mfagiaji. Ningependa niwaambie alikuwa mbaya, hadithi ingekuwa nyepesi. Hakuwa mbaya. Alimpenda Dirisha kimyakimya kupitia kioo kwa muda mrefu, kisha akafanya kama inavyotakiwa, akatuma wazee wake.

Wiki hiyo hiyo Tochi naye akamtuma shangazi yake.

"Nina posa mbili mezani," baba yake Dirisha alisema, chakula kikiwa hakijaguswa. "Mmoja ana gari, mwingine ana tochi."

"Baba!"

"Sijamtukana mtu. Nimetaja walivyo navyo."

"Mume wangu," mama akaingilia, "mtoto anampenda huyu wa tochi. Hata muuza bisi anajua."

"Na mimi nilipenda sinema. Imenifanya nini? Ukumbi unavuja, viti vinachoma watu. Kupenda mimi nakujua, mke wangu. Kupenda hakuzibi paa." Akamgeukia binti yake, na sauti ikamlainika, maana alimpenda mno, kitu kilichokuwa kibaya zaidi. "Mwanangu, mtu mmoja hudanganyika. Mimi hudanganyika, wewe hudanganyika. Ukumbi haudanganyiki. Msambazaji ametuletea *Kapteni Kimondo*, sehemu ya nne. Yule shujaa wa kuruka na joho. Anasema watu wataipenda. Tochi naye kaiona kwenye onyesho la majaribio, anasemaje?"

Tochi, aliyekuwa ameitwa na kukalishwa pembeni kwenye stuli, alikohoa. "Mbovu, Mzee. Samahani, lakini ni mbovu."

"Basi watu waamue. Siku ya kwanza siitaki, siku ya kwanza watu huletwa na bango. Nataka Jumamosi ya pili. Hapo waliokwisha kuiona watakuwa wamewaambia wenzao. Onyesho la alasiri, la kuiaga. Viti vyote vikikaliwa, nitajua watu wameridhika, na kwamba Msambazaji anajua watu wanataka nini. Mwanaume wa hivyo hatamtesa mwanangu. Kikibaki kitupu hata kiti kimoja, namwita shangazi yake Tochi tuongee. Unakubali?"

Mnacheka? Chekeni. Mtu aliyeuza tiketi maisha yake yote hana mizani nyingine.

Dirisha alimtupia Tochi jicho. Tochi, kwa kujiamini kote duniani, akamwinamishia kichwa: kubali. Akakubali kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya mama yake.

Siku za kwanza ukumbi ulifurika. Haya, hilo walilitegemea. Watu waliingia wamevaa fulana za Kimondo na kutoka wakitafuta funguo. "Nzuri, nzuri," wanamwambia Tochi, macho chini. Wengine walikaa mpaka majina ya mwisho yaishe, kwa sababu filamu za mashujaa huweka kijipande kidogo mwishoni kabisa, na mtu hataki kuondoka akikose. Baba yake Dirisha akiona hivyo anasugua mikono. "Tazama, hawataki hata kuondoka!"

"Wanasubiri kijipande, Mzee," Tochi alimwambia.

"Mtu hasubiri kitu asichokipenda."

"Husubiri, Mzee. Husubiri kuona kama kitakuwa kizuri."

Mzee akampungia mkono kama anafukuza nzi.

Kisha, katikati ya wiki, watu wakakatika. Mpaka Jumatano ukumbi ulikuwa mtupu hata Kimondo akinguruma sauti inarudi na mwangwi. Dirisha alifunga kijumba chake mapema, akaingia ndani, akakaa na Tochi safu ya nyuma kabisa, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya zile posa mbili alipumua mpaka chini ya tumbo.

"Nimekwambia," Tochi alimnong'oneza, kamshika mkono. "Watu si wajinga."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi niachie mimi. Nitahakikisha hata paka haji."

"Utafanya nini?"

"Nitasema ukweli. Nitapita mtaani niseme ukweli tu, mpenzi wangu, hakuna dhambi hapo."

Akamwamini. Nani asingemwamini? Alimwamini hata akaota usiku ule wanachagua mapazia.

Sasa tazama Jumamosi. Tazama hiyo foleni ilivyozunguka kona na kupita duka la viatu.

"Tatu, dada. Hivi joho linabanwa mwanzoni au mwishoni?"

Mkono wa Dirisha ulikwama kwenye tiketi. "Joho gani?"

"Si lile la kwenye lifti!" Yule bwana alikuwa tayari anacheka. "Eti Kimondo anabeba daraja kwa mkono mmoja, halafu anakwenda kumzika mama yake, mlango wa lifti unabana joho, na yeye na nguvu zake zote anahangaika na lifti mpaka maziko yanakwisha! Na muziki wa huzuni unapigwa! Nimesema hili lazima nilione kwa macho yangu."

"Nani... nani kakusimulia?"

"Yule kijana wenu mwenye tochi. Alisimulia pale kwa kinyozi, jamani, anaigiza kabisa! Kinyozi nusura anikate sikio."

Aliyefuata naye alitaka kuona lifti. Na aliyefuata. Kuna mama mmoja aliyeisikia kituo cha basi, wanafunzi walioisikia kwenye uwanja wa mpira, mzee mmoja aliyesema hajaingia sinema tangu mkewe afariki lakini hii ya lifti imemshinda. Kila mmoja alitaja Tochi. Kila mmoja alisema filamu ni takataka, na kila mmoja alitoa hela yake kwa furaha.

Loo, Tochi! Tochi wa watu! Amekwenda kuizima filamu akaishia kuipigia debe.

Msambazaji alifika foleni ikiwa bado ndefu, akasimama kando ya kijumba, hakutaka kumkatiza. Alimwekea chupa ya maji baridi kwenye kijimlango cha pembeni.

"Umekula?" alimuuliza.

"Nimekula, asante." Hakuwa amekula.

"Umeiona foleni? Ofisini walisema watu wamechoka na mashujaa. Nikawaambia, subirini, tiketi haisemi uongo."

"Na wewe mwenyewe uliipenda?"

Swali lilimkuta hajajiandaa. Alirekebisha mkono wa shati. "Mimi? Kusema kweli sijaimaliza. Nilitoka nikapige simu. Lakini kama inauza, basi wanaipenda. Au sivyo?"

"Tiketi hukatwa mtu hajaona kitu bado," Dirisha alisema, macho kwenye tiketi. "Mtu analipa kwa anachokitarajia. Hujui kama ameridhika."

"Utajuaje basi?"

"Umuulize akitoka."

"Nikimuuliza ataniambia kweli?"

Dirisha akamkatia tiketi mteja aliyefuata. Msambazaji alitabasamu kwa upole wake ule wa kuudhi, akasema, "Una maneno wewe," akanunua tiketi yake kama mteja yeyote na kuingia ndani. Baba yake naye alinunua ya kwake. Hakuwahi kuingia bure ukumbini mwake, alisema ni mkosi.

Foleni ilikwisha. Kengele ya kwanza ikalia. Dirisha akatazama mbele yake na kukuta kitabu cha tiketi kimebaki na tiketi moja. Moja tu. Ya kiti cha pembeni, safu ya nyuma, karibu na ukuta. Kiti ambacho springi yake ilikuwa inachoma na hakuna aliyekitaka miaka nenda rudi.

Akaifunika kwa kiganja. Akashusha pazia la dirisha.

Mlango wa pembeni ukafunguliwa, Tochi akaingia, jasho linamtiririka.

"Dirisha."

"Usiniite."

"Nisikilize..."

"Umeenda kwa kinyozi!"

"Nilienda kuwaambia ni mbovu!"

"Ukawaigizia! Ukawaigizia, Tochi, mimi nakujua, ukasimama juu ya kiti ukajifunga taulo la kinyozi mgongoni!"

Tochi alikuwa amefanya hivyo hasa.

"Walicheka," alisema polepole. "Kadiri walivyocheka nikadhani wanaidharau. Nikaongeza. Mtu akicheka kitu mbele yako, utajuaje anakwenda kukinunua?"

"Wewe ndiye uliyeniambia unawajua watu! Wewe wa nyuso, wewe wa funguo!"

"Nawajua wakitoka," Tochi alisema. "Wakiingia unawajua wewe."

Walitazamana. Hasira ya Dirisha ilitaka kuendelea lakini ikakosa mahali pa kukaa, maana alipomwangalia aliona mtu aliyejipalia makaa mwenyewe na sasa anaungua mbele yake. Akaegemea ukuta, machozi yakamtoka bila sauti. Tochi aliinua mkono amfute, akauacha hewani. Hakujua kama bado ana haki.

"Imebaki moja," Dirisha alisema, akakunjua kiganja.

Tochi aliitazama ile tiketi kama imeshuka kutoka juu. "Moja? Kiti cha springi?"

"Ndiyo."

"Basi ukumbi haujajaa! Dirisha! Baba yako alisema hata kimoja!" Akamkamata mabega. "Zima taa. Funga. Usimfungulie mtu. Kengele ya pili ikilia mimi nafunga milango, na kiti kile kinabaki kitupu, na jioni shangazi yangu anakuja nyumbani kwenu."

Kwa muda mdogo sana walicheka, wanacheka na kulia, vipaji vya nyuso vimegusana. Niachieni niwaache hapo kidogo. Waliupata muda huo, ulikuwa wao.

Ndipo kioo kikagongwa.

Tochi alitikisa kichwa: usifungue. Kikagongwa tena, halafu sauti ikasema, "Mwanangu, ni mimi."

Dirisha alipandisha pazia. Baba yake alisimama upande wa wateja, upande ambao hakuwahi kusimama baada ya kununua tiketi yake, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepungua miaka mingi. Macho yalikuwa yamelowa.

"Umeuona?" alisema. "Umeuona ukumbi? Hebu sikiliza." Na kweli kelele zilivuja mpaka pale nje, mamia ya watu wakigongana magoti na kuitana. "Mara ya mwisho kusikia hivi ulikuwa unatambaa. Mama yako alikuwa anakubeba mgongoni huku anauza bisi. Nilidhani nitakufa sijaisikia tena."

"Naisikia, Baba."

"Nimekaa pale nikawaza, mtoto huyu. Tangu amalize shule anawauzia wenzake raha, hata siku moja hajakaa akastarehe yeye. Kimebaki kiti kimoja kule nyuma. Njoo ukae, mama. Njoo utazame na sisi."

Akaingiza noti chini ya kioo.

"Nakukatia mimi," alisema.

Hakuwa anamtega, ninawaapia. Mzee yule wakati ule hakukumbuka posa wala ahadi. Alikuwa baba anamkatia binti yake tiketi ya sinema, basi. Angekuja na fimbo, Dirisha angepigana naye. Angekuja na amri, angekataa mpaka asubuhi. Alikuja na noti iliyokunjwa na macho yenye machozi, na Dirisha akafungua mdomo na kukuta hamna neno ndani yake.

Nyuma yake Tochi alijitokeza kwenye mwanga. "Mzee, kile kiti kibovu. Springi inachoma."

"Inachoma?" Mzee aliwaza kidogo, kisha akavua koti lake, lile zuri la siku za maonyesho makubwa. "Tutaweka hili juu. Hatasikia kitu."

"Baba, mimi si mteja..." Dirisha alisema. Sauti ilikuwa ndogo, hata yeye aliisikia ilivyo ndogo.

"Leo wewe ni mteja. Tena mteja wangu." Akacheka. "Kata, mwanangu. Kata, wataanza."

Akakata. Vidole vilijua kazi yao hata bila yeye. Karatasi ilichanika pale kwenye vitobo vyake, akabaki na kisiki mkono mmoja na tiketi mkono mwingine, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakukuwa na mtu wa kumpa. Akatoka nje ya kijumba, akageuza ufunguo mlangoni kwa mazoea, akauachia utepe uning'inie shingoni.

"Mpeleke mwenzio, Tochi," Mzee alisema, akitangulia. "Usimwache ajikwae."

Kengele ya pili ikalia na taa zikazimika.

Ndiyo kazi yake. Alimwongoza jinsi alivyowaongoza watu wote, hatua moja mbele, tochi imeelekezwa chini na nyuma kidogo ili mwanga uangukie miguuni pa anayefuata. Dirisha alitazama kile kiduara cha mwanga na viatu vyake vikiingia ndani yake kimoja baada ya kingine. Alitaka ngazi ziwe ndefu. Alitaka ajikwae, avunjike mguu, abebwe nje.

"Sema hapana," Tochi alinong'ona bila kugeuka. "Sema sasa hivi, nitakuunga mkono mbele ya wote."

"Umemuona alivyo?"

"Nimemuona."

"Ungeweza wewe?"

Walifika safu ya nyuma. Koti lilikuwa limeshatandikwa pale, limekunjwa vizuri kwa mikono ya Mzee mwenyewe. Tochi akamulika kiti, kwa sababu hajui kufanya kingine, na Dirisha akaketi.

Safu kadhaa mbele, baba yake aligeuka gizani, akasimama nusu, akatazama ukumbi kutoka kushoto hadi kulia. Kila kiti kilikuwa na kichwa. Alipomfikia binti yake, Dirisha akaona kwenye mwanga wa skrini ile ahadi ikimrudia Mzee akilini. Akamwona anamgusa Msambazaji bega, anamwinamia sikioni. Msambazaji naye akageuka, akamtafuta kwa macho kwenye giza, na alipompata akainamisha kichwa kwa heshima, kama mtu aliyepewa kitu ambacho hakuamini atapewa.

Joho la Kimondo lilibanwa na lifti na ukumbi ukavunjika mbavu. Watu walipiga makofi, wakapiga miluzi, mtu mmoja akaigiza muziki wa huzuni kwa mdomo, na yule mzee aliyefiwa na mkewe alicheka mpaka jirani yake akampiga mgongoni. Dirisha alisikia sauti ya baba yake juu ya zote, ikimwambia Msambazaji, "Wanavyoipenda! Unawasikia wanavyoipenda?"

Springi ilipenya koti. Hakusogea.

Filamu ilikwisha, majina yakaanza kupanda, na hakuna aliyenyanyuka. Wote walikaa kungoja kijipande cha mwisho. Naye akakaa, akakuta anangoja kwelikweli, macho yamekaza kwenye yale majina ya watu asiowajua, kana kwamba mwishoni pale kungetokea mtu aseme haya yote yalikuwa bado hayajaisha. Kijipande kikaja. Kimondo alikuwa amekaa mezani anakula, akatazama mbele, akasema atarudi. Taa zikawaka.

Kwenye mlango wa kutokea Tochi alisimama mahali pake.

"Vipi, nzuri?"

"Takataka, bwana! Lakini tumecheka!"

"Vipi, nzuri?"

"Nzuri, nzuri."

Akina Dirisha walikuja mwisho. Baba alimshika mkono wa kulia, hajaacha kusimulia. Msambazaji alitembea upande wa pili, amebeba lile koti, na alikuwa amelikung'uta vumbi. Walipofika mlangoni Mzee akasimama, akampiga Tochi bega kwa wema wa mtu aliyeshinda na hana kinyongo.

"Umewaona, kijana? Umewauliza?"

"Nimewauliza, Mzee."

"Na huyu muulize. Naye leo alikuwa mteja."

Tochi alimgeukia Dirisha. Tochi ilikuwa bado inawaka mkononi, imesahauliwa, inamulika sakafu.

"Vipi, dada," alisema. "Nzuri?"

"Nzuri," Dirisha alisema, na alikuwa ameinamia mkoba, anachakura, anatafuta funguo, anazitafuta kila kona ya ule mkoba, na funguo zilikuwa zinaning'inia shingoni mwake kwenye utepe mwekundu.